Ngoma ya Kirundi ndani ya roki ya Waingereza

Najua nimewatupa. Nilikuwa BTP huko Biharamulo, wiki nane za chaki na vumbi. Sasa nimerudi chuoni, pindi zimeanza, bumu halijaingia, na kuna kitu kinanisumbua tangu siku ile ya kwanza kwenye basi. Wacha nikimwage hapa.

Kitu chenyewe ni albamu ya roki. Msicheke. Mnaonijua mnajua mimi ni mtu wa kwaya na Bongo Fleva, roki nilikuwa nahesabu ni makelele tu. Rumeti wangu ndiye aliyenijazia kwenye simu, akasema safari ya kanda ya ziwa ni ndefu, utanishukuru. Albamu inaitwa Kings of the Wild Frontier, ya kundi la Kiingereza Adam and the Ants, ilitoka mwaka 1980. Nikaisahau mpaka tunakaribia Nyakanazi ndipo nikaifungua. Wimbo wa kwanza, Dog Eat Dog, unaanza na ngoma. Jamani, nilivua hedifoni nikachungulia dirishani nikidhani tunapishana na msafara wa harusi!

Ngoma ile naijua. Mimi kwetu Ngara, upande wa Bugufi, na sherehe kubwa kwetu wakipatikana wapigaji wa Kirundi basi hakuna anayebaki nyumbani. Wanaingia na ngoma kichwani huku wanapiga, wanazitua, wanasimama nusu duara. Katikati iko moja inaitwa inkiranya, ndiyo inayotoa amri. Nyingine, amashakwe, zinashikilia mapigo yale yale bila kuchoka, na ibishikizo zinaifuata inkiranya inakokwenda. Sasa hebu fikiria unakutana na kitu hicho kwenye kaseti ya vijana wa London waliojipaka rangi usoni.

Nilipofika nikaanza kuchimba, maana ndiyo kazi tunayosomea. Kumbe njia yenyewe ni ndefu. Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa asili wa Burundi kwa ajili ya Ocora, lebo ya redio ya Ufaransa. Humo kuna kipande cha wapiga ngoma wapatao 25. Angalia mwaka huo: ufalme wa Burundi ulikuwa umefutwa Novemba 1966, na Kirundi kina neno moja tu, ingoma, kwa maana ya ngoma na ya utawala wa mfalme. Kwa hiyo kinasa sauti kilifika mfalme akiwa ameshaondoka na ngoma zake zimebaki.

Mwaka 1971 mwanamuziki mwingine wa Ufaransa, Michel Bernholc, akachukua kipande kile kile, akakitandikia piano na gitaa juu, akakitoa kama santuri iitwayo Burundi Black. Jina la msanii? Burundi Steiphenson Black. Huyo mtu hayupo! Santuri ikaingia kwenye chati za Uingereza. Watu wanacheza Burundi kwenye madisko, na mwaka uliofuata, Aprili 1972, mauaji makubwa yakaanza Burundi kwenyewe, maelfu kwa maelfu wakakimbilia Tanzania. Ndio wale waliokuja kupewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Joni Mitchell wa Kanada naye alikitumia kipande hicho kwenye wimbo wake The Jungle Line mwaka 1975.

Halafu anaingia Malcolm McLaren, yule meneja wa Sex Pistols, mtu mjanja kupita kiasi. Adam Ant alimlipa pauni 1,000 ampe ushauri. McLaren akampa kaseti ya nyimbo za kujifunzia, mojawapo Burundi Black. Kisha mapema mwaka 1980 akawachukua wanamuziki wote wa Adam, akaunda nao kundi lingine, Bow Wow Wow, nalo likapiga ngoma zile zile. Wimbo wao wa kwanza ulikuwa wa kusifia kunakili muziki bure kwenye kaseti tupu. Hapo nilicheka peke yangu staff room mpaka mwalimu mlezi akaniuliza kulikoni.

Adam hakulia. Akamtafuta mpiga gitaa Marco Pirroni, akaweka wapiga dramu wawili badala ya mmoja, wakatengeneza albamu ninayowaambia. Mwaka 1981 ndiyo iliyouzwa kuliko zote Uingereza.

Na ni nzuri, niseme ukweli. Nilitaka kuichukia nikashindwa. Kwanza ile dramu ya watu wawili: mmoja angepiga vile angekuwa anaonyesha ufundi, wawili wanakuwa kijiji. Gitaa la Marco halishindani na ngoma, linapita juu yake kama mtu anayepiga kelele kwenye umati. Na sauti za kuitikia ni za wanaume wengi kwa pamoja, kama watu wanavyopokezana kwetu. Tena hawa hawakukata rekodi ya watu wakaibandika, waliketi wakajifunza, wakapiga kwa mikono yao. Mimi naona hiyo ni tofauti kubwa na alichofanya Bernholc. Rumeti anasema namtetea Adam kwa sababu ya sura yake kwenye kava. Mpuuzeni.

Lakini kwenye utunzi wa nyimbo yanasomeka majina mawili, Ant na Pirroni. Wale 25 hawapo popote. Mwaka 1981 mwandishi Robert Palmer wa New York Times alilalamikia jambo hilo, kwamba hela inazunguka na waliopiga hawaipati.

Sasa njoo darasani. Kidato cha tatu, uchumi wa kikoloni. Nimeeleza pamba inatoka kwetu rahisi, inarudi shati la bei mbaya. Dakika za mwisho nikawachezea Dog Eat Dog kwenye simu (msiniripoti, Kiingereza nacho kilikuwa kimeniishia). Madawati yakaanza kupigwa, na kijana mmoja wa nyuma, ambaye mama yake ni wa Ngara, akasema hii ya Warundi hii. Nikawasimulia. Akauliza: "Mwalimu, kwa hiyo na ngoma ni malighafi?"

Nilibabaika. Nikasema ndiyo. Kengele ikaniokoa.

Usiku sikulala vizuri, maana jibu langu lilikuwa la kitabuni. Pamba ikishachumwa na kusafirishwa, shamba linabaki tupu. Ngoma Vuylsteke alirekodi akaondoka, na wapigaji wakaendelea kupiga. Halafu kuna sisi wenyewe. Bugufi ilikuwa ya ufalme wa Burundi mpaka Waingereza na Wabelgiji walipogawana kwa makubaliano ya mwaka 1919, tukajikuta Tanganyika. Baadaye Warundi walivuka tena mpaka baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, wengi wakaishi kambi ya Lukole hapo Ngara mpaka ilipofungwa mwaka 2008. Bibi yangu aliwauzia ndizi, na jioni akisikia ngoma kutoka kambini alikuwa anasema, wameshiba leo. Hakusema "ngoma yao". Wala "yetu". Nilimpigia simu kumuuliza ni ya nani, akaniuliza kama nimekula.

Na mimi binti nikivuka Kobero kesho siruhusiwi kuishika. Amri ya rais ya Oktoba 2017 ilikataza wanawake kupiga ngoma hizo Burundi, miaka mitatu tu baada ya UNESCO kuziingiza kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014.

Siku ya mwisho ya BTP nikamtafuta yule kijana nikamwambia nilimjibu haraka haraka. Nikamweleza habari ya Julai 1982, tamasha la kwanza la WOMAD huko Shepton Mallet, Uingereza. Wapiga ngoma wa Burundi walipanda jukwaani wenyewe, kwa miguu yao, na kundi la roki Echo and the Bunnymen likapiga wimbo wake All My Colours pamoja nao. Baadaye walirekodiwa kwenye studio ya Peter Gabriel mwaka 1987, na albamu ikatoka mwaka 1992 kwa jina lao, The Drummers of Burundi. Kijana akasikiliza mpaka mwisho.

"Na hapo walilipwa?"

Nikamwambia nitatafuta. Bado natafuta. Mwenye kujua aniambie, na mwenye chaja ya simu ndogo aje chumbani, yangu nimeisahau Biharamulo.