Uso Si Ushahidi

Dereva akisimamishwa kwa sababu ya taa mbovu, askari anayo haki ya kudai leseni. Je, anayo pia haki ya kumhoji kuhusu uraia wake? Marekani, Ufaransa na Kenya zimejibu kila moja kwa njia yake, na zote zimekwama mahali pamoja.

Mwaka 2010 jimbo la Arizona lilitunga sheria ya SB 1070. Kifungu cha 2(B) kinamtaka askari aliyemsimamisha mtu kihalali achunguze hadhi yake ya uhamiaji pakiwa na shaka yenye msingi. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilibatilisha vifungu vingine vitatu, ikakiacha hicho. Mwaka uliofuata, katika kaunti ya Maricopa jimboni humo, jaji alithibitisha kwamba maofisa wa sherifu wa kaunti hiyo, Joe Arpaio, waliwalenga madereva wa asili ya Amerika ya Kilatini.

Ufaransa ina kinga bora zaidi kwenye maandishi. Tangu mwaka 1985 mahakama yake ya juu imeshikilia kwamba dalili za ugeni zitoke nje ya maumbile ya mtu, mathalani namba za gari za nchi nyingine. Hata hivyo, utafiti wa taasisi ya umma ya Mtetezi wa Haki, uliotolewa mwaka 2017, uliona vijana wa kiume wanaoonekana kuwa Weusi au Waarabu wana uwezekano mara 20 zaidi wa kukaguliwa kuliko wengine. Ukaguzi unaoishia barabarani kwa kawaida hauachi karatasi; anayelalamika ataonyesha nini?

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa kikabila. Lakini katika operesheni ya polisi ya Usalama Watch, Aprili 2014, maelfu walikamatwa mtaani Eastleigh, Nairobi, na kwingineko, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Wakenya wenye asili ya Kisomali nao walizolewa.

Basi katazo peke yake halitoshi. Kilicholeta tofauti Maricopa ni amri ya mahakama kwamba kila usimamishaji wa gari uandikwe, na msimamizi huru afuatilie utekelezaji; kumbukumbu hizo ndizo zilizoendelea kufichua upendeleo.

Wabunge wetu watunge sharti hilo: kabla ya kuuliza uraia, askari aandike sababu isiyo sura, jina wala lafudhi, na aliyesimamishwa apewe nakala. Askari asiye na sababu ya kuandika hana sababu ya kuuliza.