Magoti ya Zambarau

Katika Dholuo, lugha ya Wajaluo, mti na dawa vina jina moja: yath. Mtoto akitumwa alete yath, lazima asikilize vizuri kama anayemtuma anataka kijiti cha kuegemezea mlango au jani la kukamulia kwenye kidonda. Ukitaka kujua watu wa kusini mwa Nyanza walivyotibu magoti na viwiko vilivyochubuka, anzia kwenye neno hilo, maana kwa vizazi vingi dawa haikununuliwa. Ilichumwa nyuma ya nyumba.

Ilikuwepo ogaka, yaani shubiri, ambayo bado inamea kwenye mawe kuanzia Karungu hadi Kendu Bay. Jani lilikatwa, utomvu ukapakwa mahali ngozi ilipotoka. Uchungu wake ukigusa ulimi haukuachi hadi jioni, na bila shaka uchungu huo uliifanya iaminiwe zaidi. Nyanyiek mon, ile kishona nguo inayong'ang'ania sketi za watoto wakitoka shuleni, ilisagwa kiganjani na maji yake yakadondoshewa mkato mbichi. Profesa John Kokwaro, mtaalamu wa mimea wa Kenya, aliandika mengi ya aina hii katika kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki kilichotoka mwaka 1976, na baadaye akashiriki kuandaa kamusi nzima ya viumbe kwa Dholuo. Bila kazi ya namna hiyo, elimu kubwa ingezikwa pamoja na nyanya zetu.

Lakini tusidhani mchubuko wa zamani ulikuwa jambo dogo. Mwiba au jembe likikwaruza muundi wa mguu, na mwenye mguu hali chakula cha kutosha, mkwaruzo ungeweza kugeuka donda ndugu: kidonda kinachopanuka, kinachonuka, kinachokaa miaka. Halafu akaja funza. Mdudu huyu alivuka bahari kutoka Amerika ya Kusini, akashuka Ambriz, Angola, mwaka 1872, akapita bara zima katika nyayo za wapagazi na misafara. Kufikia miaka ya 1890 alikuwa amefika eneo la Ziwa Victoria. Watu ambao hawakuwahi kumwona walijifunza kumchokoa kwa mwiba, baadaye kwa pini, na kila tundu lililoachwa wazi likawa mlango wa uchafu na wa pepopunda.

Mwaka 1906, Mkanada Arthur Carscallen na Peter Nyambo, aliyetoka Nyasaland (leo Malawi), walifika kwenye kilima cha Gendia, juu ya Kendu Bay, wakaanzisha misheni ya Waadventista wa Sabato. Hospitali ya Kendu ilifuata katika miaka ya 1920. Mmisionari wa siku hizo, hata asiye daktari, alijikuta akiosha na kufunga vidonda vya watu waliojipanga mlangoni. Bendeji, sabuni na maji yaliyochemshwa viliingia vijijini kwa njia hiyo.

Kisha vita. Mpaka wa Waingereza na Wajerumani ulipita hapa hapa Migori, na Septemba 1914 majeshi yao yakapigana Kisii. Vijana wa Nyanza walichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi la Uingereza katika kikosi kilichokuja kuitwa Kariakor. Walitembea miezi, wengi bila viatu, na miguu yao ikaoza kwa vidonda vilivyoanza kama michubuko tu. Naumia kila ninapokumbuka hilo, kwa sababu miaka hiyo hiyo, katika hospitali ya kijeshi ya Boulogne, Ufaransa, daktari aliyeitwa Alexander Fleming alikuwa akigundua kitu ambacho kingewasaidia. Aliona kwamba dawa kali za kuua vijidudu hazifiki kwenye mianya ya kidonda. Badala yake zinaua chembe nyeupe za damu, askari wa mwili wenyewe. Yeye na mkubwa wake, Almroth Wright, wakasema kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi.

Ujumbe huo ulichukua miaka mingi kufika kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Kilichofika kwanza ni rangi. Iodini ya kahawia, iliyomfanya mtoto aruke. Mercurochrome nyekundu, iliyotoka maabara za Johns Hopkins, Marekani, mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ambayo ndani yake kuna zebaki. Marekani iliiondoa kwenye orodha ya dawa salama mwaka 1998. Na zebaki hiyo hiyo leo iko mikononi mwa wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Nyatike, wanaoikanda pamoja na mchanga kwa viganja vilivyojaa mikwaruzo. Ndugu zangu wa Macalder na Osiri, mkono uliochubuka haupaswi kabisa kugusa kitu hicho.

Halafu zambarau. GV, yaani gentian violet, ilianza maisha yake kama rangi ya nguo. Mwaka 1912 Mmarekani John Churchman alionyesha kwamba inazuia aina fulani za bakteria, na kwa kuwa unga kidogo tu unatosha chupa nzima ya maji, ikawa dawa ya shule zote. Tuliosoma Migori tunakumbuka mstari wa magoti ya zambarau gwarideni Jumatatu asubuhi. Nakumbuka pia mwenzetu ambaye goti lake lilipakwa kila siku, juma zima, bila kuoshwa. Rangi ilificha wekundu uliokuwa ukipanda pajani. Usaha ulipotoka tayari alikuwa na homa. Mwaka 2019 wizara ya afya ya Kanada iliwaonya watu wake kuhusu GV, kwa kuwa majaribio kwa wanyama yaliihusisha na saratani.

Ukimwi nao ulibadilisha mikono yetu. Katika miaka ya 1990, Homa Bay ilipokuwa ikizika watu kila wiki, wembe wa pamoja uliondoka nyumbani, na jirani aliyetaka kumfunga mtoto wa mwenzake alivaa juala mkononi kwanza. Tangu mwaka 2001, Madaktari Wasio na Mipaka walipoanza kutoa ARV bure katika hospitali ya Homa Bay, hofu ilipungua, lakini tabia ya kutogusa damu ya mtu kwa mkono mtupu ilibaki. Ni tabia njema.

Jambo ambalo watu wengi hawajaambiwa lilitokea London mwaka 1962. George Winter alifunika vidonda vidogo vya nguruwe kwa karatasi nyembamba ya polithini, vingine akaviacha vikauke hewani. Vilivyobaki na unyevu vilifunikwa na ngozi mpya kwa kasi karibu maradufu. Wazazi wetu waliotuambia tuache kidonda kipigwe jua walikosea kwa nia njema. Kinachotakiwa ni kuosha kwa maji safi na sabuni hadi changarawe zote zitoke, kupaka Vaseline, kufunika kwa plasta au kitambaa kisafi, na kubadilisha kila siku. Mafuta ya taa, majivu, dawa ya meno na unga wa kapsuli havina kazi hapo. Wekundu ukisambaa, usaha au homa ikija, au ikiwa ni msumari wenye kutu, ni hospitali, na uulize sindano ya pepopunda.

Neno gumu katika hayo yote ni «safi». Tunaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na maji yake ya ufukweni yana kichocho kinachopenya ngozi nzima, sembuse iliyochubuka. Kwa mama wa Sori au Mbita, kuosha goti la mtoto kunaanza na kuni za kuchemshia maji, au na shilingi za mtungi. Kampeni yoyote ya afya isiyoanzia hapo imeruka hatua.

Mwezi jana, nyumbani kwetu, mjukuu wa jirani alianguka na baiskeli kwenye barabara ya murram. Nyanya yake alichota maji ya jana yaliyochemshwa, akamwagia goti kopo baada ya kopo, akalisugua kwa sabuni kwa vidole, akalipaka mafuta na kulifunga. Mtoto alilia kidogo, akanyamaza, akalitazama goti lake lisilo na rangi yoyote.

«Dani,» akamwuliza nyanya yake, «dawa iko wapi?»