Itebero: Bei ya dawa ya mchwa, deni la tangu zamani

Itebero, Walikale – Familia inayorudi nyumbani baada ya kukimbia vita huangalia paa kwanza. Manjanja yakiwa bado juu, watu wanamshukuru Mungu. Halafu mmoja anaegemea nguzo ya mlango, na vidole vinaingia ndani ya mti kama kwenye papai lililoiva. Kwa nje nguzo ni nzima. Kwa ndani ni udongo mtupu.

Hapo ndipo swali linapokuja, Itebero kama Musenge, kama Walikale-kati: dawa ya mchwa ni bei gani? Dukani watakutajia bei ya chupa moja. Lakini chupa ni sehemu tu ya hesabu, na tena hakuna kizazi katika sehemu hizi kilichojenga bila kulipa mchwa. Kilichobadilika ni namna ya kulipa.

Wazee walilipa kwa kazi. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, paa la majani ya mangungu, na moto uliwaka ndani karibu kila siku. Moshi ulikausha miti na kuipaka masizi. Mama akifagia asubuhi alibomoa vile vijia vya udongo ambavyo mchwa hupandisha ukutani, maana mchwa mfanyakazi hana macho na hapendi hewa kavu, anatembea ndani ya udongo wake tu. Kijia kikivunjwa, analazimika kuanza upya. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa: haikununuliwa, lakini ilidai mtu awepo. Nyumba ikichoka baada ya miaka michache, jamaa walisaidiana kujenga nyingine, na ile ya zamani waliachiwa mchwa. Na mchwa nao walirudisha kitu: kumbikumbi wakati wa mvua, na uyoga mkubwa unaoota juu ya vichuguu. Haikuwa biashara mbaya.

Mambo yaligeuka wakati wa Wabelgiji. Serikali ya kikoloni ilisogeza vijiji kando ya barabara, ili watu wahesabiwe, walipe kodi na watengeneze barabara hizo. Nyumba haikuweza tena kuhama kirahisi. Ilibidi idumu mahali pamoja, juu ya udongo uleule ambamo mchwa wanaishi. Wakoloni wenyewe waliwaogopa wadudu hawa mapema. Nyumba zao nyingi ziliinuliwa juu ya mawe au simenti. Kule Kenya, reli ya kutoka Mombasa hadi ziwa la Victoria, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilitandikwa mataruma ya chuma, na mchwa walikuwa sababu moja ya kuacha yale ya mbao. Kwenye pwani, Lamu na Zanzibar, watu walishajua zamani kuchagua mti: boriti za mikoko zilishika dari za nyumba za mawe na ziliuzwa hadi Uarabuni. Msitu wa Walikale una muvula, mti ambao mchwa hawauwezi kwa urahisi. Lakini muvula ulipata bei sokoni, ukaanza kupanda malori, na wengi wa wanaoishi karibu nao hujenga kwa miti laini.

Baada ya vita kuu ya pili ikaja dawa ya kemia. Majina yake yalikuwa aldrin, dieldrin, chlordane, heptachlor. Zilimwagwa chini ya nyumba duniani kote, na kweli zilifanya kazi: udongo ukishanyweshwa, mchwa hawakupita kwa miaka mingi sana. Ilionekana bei rahisi. Bei ya kweli ilifika baadaye, kwa sababu sumu isiyooza kwenye udongo haiozi pia mwilini. Inakaa kwenye mafuta ya nyama, ya samaki, na ndani ya maziwa ya mama. Marekani ilisimamisha chlordane kwa mchwa mwaka 1988. Mkataba wa Stockholm wa 2001, ulioanza kutumika 2004, uliziweka zote nne kwenye orodha ya sumu za kuondolewa. Mei 2025 nchi za mkataba huo ziliongeza chlorpyrifos, dawa iliyotumika sana kwa mchwa baada ya zile za kwanza, ingawa kwa matumizi fulani bado iliachiwa muda. Kwa hiyo chupa isiyo na etiketi, inayouzwa kwa sifa ya kuwa «kali kama ya zamani», si ya kuingiza ndani ya nyumba yenye watoto, hata ikitolewa bure.

Dawa za leo zinafika Itebero kwa barabara ya Bukavu, kupitia Bunyakiri na Hombo. Kila daraja bovu na kila kizuizi kinaongeza kitu juu ya bei. Lakini kipimo hakibadiliki, na kwa kipimo hicho mwenye nyumba anaweza kufanya hesabu kabla fundi hajafungua mdomo.

Chukua nyumba ya mita 6 kwa 5. Ikiwa bado inajengwa, udongo wa sakafu unahitaji litri 5 za dawa iliyochanganywa na maji kwa kila mita moja ya mraba, kabla ya simenti kumwagwa. Hiyo ni litri 150. Ikiwa nyumba imeshasimama, unachimbwa mfereji kuizunguka, kina cha sentimita 30, na kila mita ya mfereji inapewa kama litri 5, kisha udongo unaorudishwa unachanganywa na dawa. Kuizunguka nyumba hiyo ni mita 22, basi litri 110, yaani bidoni tano na nusu za litri 20. Etiketi ikisema litri 1 ya dawa kwa litri 19 za maji, hapo zinahitajika litri 5 na nusu za dawa yenyewe. Zidisha kwa bei ya dukani, ongeza siku ya mchimbaji, ongeza wa kuchota maji, ongeza glavu na kitambaa cha kufunika mdomo. Hiyo ndiyo bei. Anayekuja na chupa moja ndogo na kupuliza vijia vya ukutani tu anaua wale wanaoonekana. Malkia yuko chini ya ardhi na anaendelea kutaga. Pesa hiyo imepotea. Na karibu na chemchemi au kisima, mfereji wa dawa usichimbwe kabisa.

Kwa wenye mkono mfupi, wengi hupaka miguu ya nguzo mafuta machafu ya moteri. Yanasaidia kwa muda, ila yanaingia pia kwenye udongo na maji. Kusimamisha nguzo juu ya jiwe au simenti ni bora zaidi, maana mchwa analazimika kupanda mahali ambapo jicho linamwona.

Lakini vita ndiyo imepandisha bei kuliko barabara na duka. Tangu mauaji yalipoanza sokoni Ntoto, humu humu Walikale, mwezi wa tatu 1993, watu wa Masisi na Walikale wamekimbia mara ngapi? Mwaka 2025 tu, M23 waliingia Walikale-kati tarehe 19 mwezi wa tatu, wakaondoka mwanzoni mwa mwezi wa nne, na watu walikuwa porini. Nyumba iliyofungwa haina moshi wala mfagio. Vijia vinapanda bila kuvunjwa, vinafika kwenye mlango, kwenye kitanda, kwenye sanduku la karatasi. Mchwa hula karatasi kama mbao: hati ya parsele, cheti cha kuzaliwa, barua ya chifu. Nyumba ikilala chini na karatasi ikiliwa, anayerudi anabaki na mdomo wake na majirani kama mashahidi, mbele ya mtu ambaye tayari ameshalima pale.

Ndiyo maana baadhi ya familia zilizo kwenye makambi, chini ya mabashi yaliyofungwa kwenye vijiti vya kalitusi ambavyo navyo vinaliwa, hutuma kitu kidogo kwa jamaa aliyebaki kijijini. Sabuni, chumvi, franka chache kupitia mwenye pikipiki. Kazi anayopewa ni fupi: afungue mlango mara mbili kwa juma, awashe moto jikoni, afagie kuta hadi chini, na sanduku la karatasi aliondoe sakafuni, alitundike kwa kamba ya waya katikati ya chumba.