Chombo cha Kupima Miali Katika Mji wa Goiânia

Chui huacha nyayo, na moto huonyesha moshi. Lakini iko hatari isiyo na alama, harufu wala sauti, nayo ni vumbi litoalo miali. Leo nitawasimulia jinsi vumbi hilo lilivyotafutwa katika mji wa Goiânia, nchi ya Brazili, mwaka 1987.

Katika mji huo palikuwa na hospitali ya kutibu saratani kwa miali, iliyokuwa imehama na kuacha mashine moja katika jengo tupu. Mwezi wa Septemba watu wawili wakaing'oa sehemu yake ili wauze chuma. Ndani mlikuwa na chumvi ya sesiamu, haikutimia gramu 100. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu aliona usiku kwamba inang'aa kwa rangi ya buluu, akastaajabu, akawagawia jamaa na rafiki. Wengine wakajipaka kama pambo. Hazikupita siku nyingi wakaanza kutapika, wala madaktari hawakutambua sababu. Watu wanne walikufa mwezi wa Oktoba, mmoja wao mtoto wa miaka 6, aliyekula chakula kwa mikono yenye vumbi lile.

Aliyefahamu ni mke wa yule mnunuzi. Tarehe 28 Septemba aliyapeleka mabaki kwa basi, yakiwa mfukoni, mpaka ofisi ya afya, akamwambia daktari kwamba kitu hiki kinawaua watu wake.

Kesho yake mtaalamu mmoja wa fizikia aliazima chombo cha mkononi kwa watafutaji wa madini ya urani. Alikiwasha kabla hajaifikia ofisi ile, na mara mshale ukaruka mpaka mwisho. Akakielekeza huku na huku, mshale usirudi. Akadhani kimeharibika. Mimi simlaumu, maana chombo kile kilifanywa kwa miali dhaifu ya mawe. Alirudi akachukua cha pili, nacho kikasema vile vile! Alipofika, wazima moto walikuwa tayari kuuchukua mfuko ule wakautupe mtoni, akawazuia.

Ndipo ikaanza kazi kubwa ya kupima. Kwanza mpimaji husoma hesabu mahali safi, kwa kuwa ardhi yenyewe hutoa miali kidogo siku zote, na hesabu hiyo lazima iondolewe. Kisha hupitisha chombo polepole, karibu sana na sakafu, meza au kiganja, lakini pasipo kugusa, kwani kikigusa hubeba vumbi, na tangu hapo kitasema uongo. Akienda haraka hupita doa dogo asilione. Pengine husugua mahali kwa kipande cha karatasi, akaenda kuipima karatasi mbali. Ikitoa miali, vumbi ni jepesi kuondoka, nalo laweza kuingia mwilini. Isipotoa, limeshika pale pale.

Watu zaidi ya 112,000 walikuja uwanja wa michezo wapimwe, na 249 wakaonekana wana sesiamu, juu ya ngozi au ndani ya mwili. Nyumba 85 zilikutwa na vumbi, 7 kati yake zikabomolewa. Mabomoko hayo, pamoja na udongo uliokwanguliwa, nguo na vyombo vya watu, yalitiwa katika mapipa na makasha, yakazikwa Abadia de Goiás, karibu na mji ule.