Ngazi za Mgeta na Hesabu ya Udongo

Milima ya Uluguru ina kumbukumbu mbili za jambo moja. Upande wa mashariki, Matombo, matuta ya ngazi yaliyochimbwa kwa amri ya serikali ya Waingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950 yalikataliwa hadi mtu akapoteza maisha, kisha yakaachwa yabomoke. Upande wa magharibi, Mgeta, matuta ya namna hiyohiyo yanalimwa hadi leo, yamejaa kabichi, karoti na njegere. Watu ni walewale Waluguru, na amri ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni hesabu.

Nimezaliwa Mgeta, nimelelewa juu ya matuta hayo, na sasa nauza mboga sokoni Morogoro mjini. Hesabu hiyo naijua kwa upande wa mkulima na kwa upande wa mchuuzi. Siku hizi watu wanabishana kama kilimo ikolojia kinalipa kuliko kilimo cha mbolea na dawa za dukani. Nawasikiliza, na kila mara naona wameruka sura za mwanzo. Uluguru imekwisha kulijibu swali hilo zaidi ya mara moja.

Tuanze na ardhi. Kwa Waluguru ukoo hufuata mama, na shamba ni la ukoo. Mwanamume akioa, mara nyingi hulima ardhi ya ukoo wa mkewe, na wajomba wa watoto ndio wenye sauti. Anayetaka kupanda mti wa kukomaa baada ya miaka kumi, au kuchimba tuta la kuanza kulipa msimu wa tatu, kwanza hujiuliza kama wakati huo atakuwa bado yupo kwenye shamba hilo. Kwa hiyo wazee wetu walipendelea kazi zenye malipo ya karibu: kuchanganya mazao, kufukia majani na magugu ndani ya vijituta vya kulalia mteremko, kupumzisha shamba likichoka. Milima hii imeinuka hadi zaidi ya mita 2,600, na mito yake hulisha Ruvu, maji wanayokunywa watu wa Dar es Salaam. Shamba likiporomoka kwetu, tope linafika kwao.

Mboga za kizungu zilikuja na misheni na walowezi. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Matombo mwaka 1897, na muda si mrefu wakafika Mgeta. Reli ya kutoka Dar es Salaam iliingia Morogoro mwaka 1907. Kabichi, karoti na viazi mviringo vikaikuta Mgeta na ubaridi vinaoutaka, pamoja na vijito vya kuelekezwa kwenye mifereji ya kumwagilia hata kiangazi. Chini kulikuwa na mji wenye watu wa kununua. Kabla serikali haijaja na amri yake ya matuta, Mgeta tayari ilikuwa na zao la kuuza.

Amri ilikuja na mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru, mwaka 1950 hivi. Maofisa waliona mmomonyoko, na kweli ulikuwepo. Wakaagiza kila mlipa kodi achimbe matuta ya ngazi. Kuchimba tuta la ngazi kwenye mteremko mkali ni kuupindua mlima kwa jembe la mkono. Udongo mweusi wa juu unafukiwa, na ule mwekundu wa chini, usio na rutuba, ndio unaotokea juani. Mahindi yakipandwa hapo hutoka manjano. Ili udongo ule upate nguvu ulihitaji samadi, na Waluguru hawakuwa wafugaji wa ng'ombe. Weka jambo hilo kwenye daftari: upande wa gharama kuna jasho siku baada ya siku, upande wa mapato kuna mahindi pungufu kuliko ya mwaka jana. Hakuna mkulima timamu anayeweza kusaini daftari hilo kwa hiari. Julai 1955 watu wa Matombo wakainuka, polisi wakaja, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. Chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja, kiliikuta Uluguru tayari imejifunza kusema hapana.

Mgeta hawakuyapenda matuta kwa sababu ya upole wao. Waliyaweka kwa sababu tuta lililo sawa hushika maji ya mfereji, na kabichi inayomwagiliwa kiangazi hupata bei wakati wenzako hawana. Nguruwe wa nyumbani walitoa mbolea ya kuutia nguvu udongo mwekundu. Kila kikapu cha samadi kilichobebwa kichwani kilirudi kama fedha kabla ya mwaka kwisha. Ofisa yuleyule aliyeshindwa Matombo angeweza kupita Mgeta akadhani elimu yake imewaingia watu. Kilichowaingia ni bei ya kabichi.

Hilo ndilo fundisho ninalolishikilia: udongo wa Uluguru haukuwahi kutunzwa kwa amri wala kwa mahubiri. Ulitunzwa pale kazi ya kuutunza ilipomlipa aliyeifanya, na kumlipa mapema.

Sura ya pili ni ya mbolea ya chumvichumvi. Miaka ya 1970 nchi ilikuwa na kiwanda chake cha mbolea Tanga, kilichotegemea zaidi malighafi za kutoka nje, na serikali ikabeba sehemu ya bei kwa ruzuku. Kwa mkulima wa mboga ilikuwa nafuu kubwa. Mfuko mmoja uliobebwa begani ulichukua nafasi ya vikapu vingi vya samadi, na mwanamke aliyekuwa akipanda mlima na mzigo kichwani tangu alfajiri akapata muda wa kupumua. Nawaheshimu waliokimbilia mfuko ule. Mama yangu alikuwa mmoja wao, na sisi watoto tulipunguziwa safari za kutoka bandani hadi shambani.

Mambo yakageuka kimyakimya. Kiwanda cha Tanga kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kufikia katikati ya miaka hiyo ruzuku ilikuwa imeondolewa. Mfuko ukabaki, bei yake ikawa ya soko la dunia. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 100,000, na serikali ikalazimika kurudisha ruzuku. Jambo ambalo wapiga mahesabu wengi hulipita ni hili: samadi hulipiwa kwa jasho, mfuko hulipiwa kwa fedha, na fedha hiyo hutoka kabla mche haujaingia ardhini. Asiye nayo hukopa kwa mnunuzi. Aliyekopa kwa mnunuzi hana sauti siku ya kupanga bei.

Nimekaa upande huo wa mnunuzi, najua unavyoendeshwa. Gari linapanda asubuhi, dalali ameshapanga bei kwa simu, na gunia linashindiliwa lumbesa, kilemba cha majani na kamba kikipita mdomo wa gunia kwa dhiraa nzima. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, na kila mmoja pale analijua hilo. Mkulima mwenye deni la mbolea hufunga kamba mwenyewe bila kusema neno. Anayelima kwa samadi ya bandani kwake anaweza kumwambia dalali, "Kaka, leo sipakii," akarudisha karoti kivulini akangoja gari la kesho. Mavuno yake pengine ni madogo kuliko ya jirani, ila bei anaipanga yeye pia. Uwezo huo wa kukataa hauonekani kwenye jedwali la mavuno kwa ekari, na kwa macho yangu ndio mapato makubwa kuliko yote.

Nyanya zikaongeza somo lake. Mwaka 2014 aliingia nchini mdudu kutoka Amerika Kusini, anayechimba jani hadi tunda, ambaye wakulima walimwita kantangaze. Huzoea dawa upesi. Wakulima wakaongeza kipimo, wakachanganya dawa mbili na tatu ndani ya bomba moja la mgongoni, wakapulizia hata karibu na siku ya kuchuma. Gharama ikapanda, mdudu akabaki, na mlaji hakuambiwa kitu.

Kabla ya hapo mkondo mwingine ulikuwa umeshaanza kurudi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Sokoine kilileta Mgeta mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwe. Banda la mbuzi hawa huinuliwa juu ya nguzo, sakafu yake ni mbao zenye nafasi, na kinyesi hudondoka chini kikavu, kidogo kidogo, usiku na mchana. Ukiinama chini ya banda na koleo unakuta samadi iliyo tayari kusombwa. Majani ya kuwalisha hukatwa kwenye kingo za matuta, palepale yanaposhika udongo usiteremke. Maziwa ni chakula cha watoto, na yanayobaki huuzwa. Ukingo wa tuta, ambao serikali ya kikoloni iliuona kama ukuta, umekuwa malisho. Kazi ya hifadhi ikaanza kulipa kila siku.

Mwaka 2011 Morogoro ilipata shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, linalojulikana kama SAT, ambalo hufundisha mboji, matandazo, mazao mchanganyiko na dawa za mimea kwa wakulima wa milima hii. Alama ya mazao ya kilimo hai iitwayo Kilimohai, inayotambulika Afrika Mashariki nzima, ilifuata viwango vilivyopitishwa mwaka 2007. Novemba 2023 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai. Njia imefunguka, nami nafurahi. Lakini sitaki mkulima apewe ahadi nusu.

Mwaka 2015 watafiti David Crowder na John Reganold walikusanya tafiti za miaka 40 kutoka nchi 14 kuhusu kilimo hai, ndugu wa karibu wa kilimo ikolojia. Waligundua kwamba kilikuwa na faida zaidi kwa asilimia 22 hadi 35 pale wakulima walipolipwa bei ya nyongeza. Bei hiyo ilipoondolewa, faida ilishuka chini ya ile ya kilimo cha kawaida. Gharama ya kazi ilikuwa juu kwa asilimia 7 hadi 13. Hata hivyo nyongeza iliyotosha kusawazisha mambo ilikuwa asilimia 5 hadi 7 tu. Niliposoma takwimu hizo niliziona Matombo na Mgeta zimekaa ndani yake: kazi ni nyingi zaidi, na nyongeza ndogo ya bei ndiyo inayoamua kama tuta litabaki au litabomoka.

Sasa hivi sokoni nyongeza hiyo ni adimu. Karoti ya samadi na karoti ya mfuko hulala kwenye turubai moja, bei moja. Misimu ya kwanza ya kuacha mbolea ya dukani mavuno hupungua, udongo ukijijenga upya, na hakuna anayemkopesha mkulima kwa kipindi hicho. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalijaribu jambo la busara Kibungo Juu, humuhumu Uluguru: wakulima waliochimba makingamaji na kupanda miti walilipwa, na miongoni mwa walipaji walikuwemo shirika la maji la Dar es Salaam na kampuni ya Coca-Cola, kwa sababu maji safi ya Ruvu yanawapunguzia gharama. Malipo yalikuwa madogo, na mradi ulikuwa wa muda. Hata hivyo ulitamka ukweli ambao serikali ya mwaka 1950 haikuutamka: anayeshika udongo mlimani anamfanyia kazi mtu wa bondeni, na kazi hulipwa.

Kwa hiyo nasema mambo matatu kwa wenzangu wa sokoni na kwa waliokalia mkakati wa taifa. Mizani itumike na lumbesa ikome, maana inamnyang'anya kila mkulima, na zaidi yule aliyetumia jasho zaidi. Mboga za Kilimohai zipate meza yao yenye bei yao, hata kama nyongeza ni asilimia chache. Nimeanza kuzitenga mboga hizo kwenye kibanda changu, na wapo wateja wanaozifuata. Na mkulima anayegeuza shamba asaidiwe kwa fedha kwenye misimu ile ya mpito, kama mfuko wa mbolea unavyosaidiwa kwa ruzuku. Yakifanyika hayo, semina zitazaa matunda. Yasipofanyika, tutakuwa tunawapa wakulima amri ya mwaka 1950 kwa maneno mazuri zaidi, na Waluguru jibu la amri hiyo wanalo tangu zamani.