Rola au Chubwi: Jina la Kipande Kinachoamua Mwendo wa Skuta

Injini ya GY6 yenye alama 157QMJ, ambayo huendesha skuta nyingi za sisi 150, ina vipande 6 vya mviringo ndani ya puli yake ya mbele, kila kimoja kipenyo chake milimita 18 na upana wake milimita 14. Mdogo wake wa sisi 50, 139QMB, anabeba 6 vya milimita 16 kwa 13. Kwa nje ni nailoni au plastiki ngumu, ndani mna kiini cha metali. Mafundi wanaviita rola, na vikichakaa mnunuzi hutajiwa vipimo hivyo viwili, akapewa vinavyoingia mahali pake bila shida. Kisha skuta ikiwashwa, injini inalia kama imekabwa na mwendo hauji, au inanguruma kwa unyonge kila inapofika mlimani. Vipimo vilikuwa sahihi. Kilichosahauliwa ni kipimo cha tatu, gramu, na jina rola ndilo lililosaidia kukisahaulisha.

Mtu aliyezoea pikipiki za bodaboda, ambazo nyingi zina gia na mnyororo, hana sababu ya kukijua kipande hiki. Hata vespa za zamani zinazobadilishwa gia kwa mkono wa kushoto hazinacho. Kinapatikana kwenye skuta za mkanda, ambazo dereva wake hufungua mafuta tu na kuondoka. Katika skuta hizo puli ya mbele, iitwayo variata, ni sahani mbili zilizotazamana, moja imekazwa kwenye krenki na nyingine inaweza kusogea. Nyuma ya sahani inayosogea mna njia 6 zenye mwinamo, na katika kila njia imelala rola moja. Injini ikizunguka, rola hutupwa kuelekea ukingoni. Zikipanda mwinamo zinaisukuma sahani, nafasi kati ya sahani inabana, na mkanda unalazimika kupanda juu ya puli. Huku nyuma, puli ya gurudumu imebanwa na springi kubwa. Mkanda ukivutwa na puli ya mbele unazitanua sahani za nyuma na kuzama katikati yake. Huo ndio ubadilishaji wa gia wote: mkanda unapanda mbele, unazama nyuma, bila meno wala ngazi. Hub van Doorne wa Uholanzi aliutumia mpango wa jamii hiyo katika gari dogo la DAF lililooneshwa mwaka 1958, nalo pia lilitegemea vizito vinavyotupwa nje na mzunguko.

Kwa hiyo kila sekunde ya safari kuna mvutano kati ya springi ya nyuma, inayotaka mkanda ubaki kwenye gia nyepesi, na vile vipande 6, vinavyotaka kuupeleka kwenye gia nzito. Kani ya kipande kinachozungushwa hukua kwa tungamo lake, kwa nusukipenyo cha njia yake, na kwa mraba wa kasi ya mzunguko. Neno mraba hapo lina maana kubwa kwa mwenye skuta. Springi ikiwa ileile na mwinamo uleule, mizunguko ambayo injini itatulia kwayo wakati wa kuchanganya mwendo inabadilika kwa kipeuo cha pili cha tungamo, tena kinyume chake. Tuchukue mfano wa hesabu tu: seti ya gramu 12 kila kimoja, jumla gramu 72, inayoiweka injini kwenye mizunguko 5,500 kwa dakika. Tukiweka za gramu 11, jumla 66, injini itatulia karibu na 5,745. Za gramu 10, jumla 60, zitaipeleka kwenye 6,025 hivi. Gramu mbili ambazo kiganja hakiwezi kuzihisi zimeongeza mizunguko zaidi ya 500, na umbo la nje halijabadilika hata kwa unywele.

Hapo ndipo uchaguzi ulipo. Injini ina mizunguko ambayo nguvu yake hufika kileleni, na anayepanda milima akiwa na abiria anataka ikae karibu na hapo, kwa hiyo atapunguza gramu. Anayesafiri peke yake kwenye barabara tambarare atazitaka zaidi, injini ipumzike na mafuta yadumu. Mtu akizipunguza gramu kupita kiasi, vipande vinakosa kani ya kuufikisha mkanda mwisho wa puli, na kasi ya juu inampotea. Kuna pia kanuni ya karakana inayoweka wazi ni kitu gani hasa kinachofanya kazi: fundi akikosa seti ya gramu 11, huweka 3 za gramu 10 na 3 za gramu 12 kwa kupishana ili puli isiyumbe, na skuta inakwenda kama imewekewa 11. Jumla ni 66 kwa vyovyote. Kama uviringo ungekuwa ndio roho ya kipande hiki, mchanganyiko huo usingekuwa na maana yoyote.

Waingereza wamekiita kwa maneno mawili yaliyounganishwa, moja la kuviringika na moja la uzito. Katika mazungumzo ya dukani la pili hudondoka, na Kiswahili kimeokota lililobaki. Tumekopa nusu ya jina, tena nusu isiyo na kazi. Mtu atasema lugha nyingine nazo zimefuata umbo: Waitaliano husema rulli, Wahispania rodillos, na Wafaransa galets, neno ambalo pia ni kokoto zilizolainishwa na maji. Ni kweli, lakini Wajerumani wana majina mawili bega kwa bega, la rola na la vizito, kwa hiyo si sheria ya maumbile kwamba umbo lishinde. Isitoshe, wingi wa waliokosea njia haumlazimu anayeanza safari leo.

Basi tuite nini? Gololi, ambalo wengine hulitumia kwa chochote kigumu kinachozunguka, halifai kabisa. Gololi ya beringi hubeba mzigo na kupunguza msuguano, na hakuna anayeuliza ina gramu ngapi. Uzito wa variata lingekuwa jina la kiasi, si la kitu, na mwalimu wa fizikia angetukumbusha haraka kwamba uzito ni mvuto wa dunia, ilhali kipande hiki kingefanya kazi yake hata pasipo mvuto huo, maana kinachohusika ni tungamo. Jiwe la mizani linavutia zaidi, kwa kuwa kweli hapa kuna pande mbili zinazopimana, ila jiwe la mizani hukaa kimya likapima kitu kingine, halisukumi chochote. Na ukilifupisha likawa kijiwe, mwenye bodaboda atadhani unamwelekeza mahali pa kuegesha na kupiga soga.

Pendekezo langu ni chubwi. Mvuvi wa mshipi analijua: ni kipande cha risasi, au hata jiwe, kinachofungwa kwenye mshipi ili uzame. Umbo lake ni lolote. Anachokichagua mvuvi ni uzito, naye huuchagua kwa kuangalia nguvu iliyo upande wa pili, yaani mkondo wa maji. Chubwi jepesi mno huchukuliwa na mkondo na ndoana isifike kina kilichokusudiwa. Zito mno hulala chini na kuufanya mshipi kuwa mfu. Badala ya mkondo weka springi, mlima na abiria, na utakuwa na uchaguzi uleule anaoufanya mwenye skuta. Machubwi ya variata, basi, na mtu akilisikia jina hilo swali la kwanza linalomjia ni zito kiasi gani.

Pingamizi la kwanza ni kwamba chubwi huvuta kwenda chini, na haya hurushwa kwenda nje. Lakini jina linafuata kazi, na kazi ni kuvuta kwa uzito uliochaguliwa. Mwelekeo huamuliwa na chombo. La pili lina nguvu zaidi: chubwi ni neno la pwani, na fundi wa Dodoma au Nakuru huenda hajawahi kulisikia. Nalo lina jibu katika magari yenyewe. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa lori. Rubani aliongoza vyombo majini kabla ya kupanda ndege, na nahodha leo huvaa kitambaa mkononi uwanjani, mbali na bahari yoyote. Maneno ya baharini yamezoea kusafiri bara, na hayakuomba wasafirishaji wake wajue kuogelea.

La tatu ni la mafundi, na ndilo ninaloliheshimu. Watasema kuviringika kuna maana, kwa sababu kipande kikipata ubapa upande mmoja hukwama katika njia yake, skuta ikashtuka-shtuka, na hapo ndipo kinapobadilishwa. Hilo halikanushiki. Lakini ubapa ni ugonjwa wa namna kinavyosogea, na sifa ya kusogea vizuri inaweza kupatikana bila uviringo. Ushahidi upo madukani: kuna vipande vyenye pembe, vilivyoundwa viteleze kwenye mwinamo bila kuzunguka hata mara moja, na vinauzwa kwa gramu zilezile kuchukua nafasi ya vile vya mviringo kwenye variata ileile. Rola isiyoviringika ni jina linalojipinga lenyewe. Chubwi la kuteleza linasemeka bila kigugumizi, na karibu yake rafuni linaweza kukaa chubwi la mviringo, milimita 18 kwa 14, gramu 11.