Mvumo wa Mkanyago

Dereva akimwambia fundi "gari linalia", bado hajamwambia kitu. Kwa Kiswahili kila kitu hulia: kengele, honi, bunduki, hata tumbo lenye njaa. Ndiyo maana fundi wa Lorugum, huku Turkana, atamrudishia swali: "Linalia vipi, dere? Ukikanyaga ama ukiachia?" Swali hilo limebeba elimu ya miaka mingi, na naamini ndilo linalotupa istilahi tunayoihitaji kwa kile Waingereza wanachokiita whine.

Hiyo ni sauti nyembamba isiyokatika, inayopanda kadiri mwendo unavyopanda. Tafsiri ya haraka ni kunung'unika au kudeka, lakini maneno hayo ni ya mtoto na hayamsaidii mtu aliyelala chini ya Land Cruiser na tochi mdomoni. Kitenzi kinachofaa ni kuvuma. Upepo huvuma, nyuki huvuma, bahari huvuma, na vyote vina sauti ndefu ya mfululizo. Basi gia nayo ivume. Belti iliyolegea hutoa sauti kali ya kupasua sikio, hiyo ningeiita unyende. Na hewa inayopenya kwenye hozi ya turbo iliyopasuka hupiga mluzi. Tukiyatenga maneno haya, nusu ya kazi ya kutafuta ugonjwa imekwisha kabla spana haijashikwa.

Kwa nini gia ivume? Kila jino linapokutana na jino la mwenzake huacha mtikisiko mdogo. Chukua difu, yaani gia za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu, yenye krauni (gia kubwa) ya meno 41, kwenye gari ambalo mzingo wa gurudumu lake ni mita 2.5. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gurudumu huzunguka karibu mara 9 kwa sekunde, na meno hukutana takriban mara 364. Sikio haliwezi tena kuhesabu mgongano mmoja mmoja, linasikia sauti moja ndefu. Shusha mwendo hadi kilomita 40, meno yatakutana mara 182 na sauti itakuwa nzito zaidi. Gia nzima pia hufanya hivyo, ila kwa kunong'ona. Iliyolika, au iliyokosa mafuta, ndiyo inayosikika hadi kiti cha nyuma.

Na hapa swali la fundi linapata maana yake. Unapokanyaga mafuta, pinioni, ile gia ndogo, husukuma krauni kwa upande mmoja wa jino. Unapoachia, magurudumu ndiyo yanayoisukuma pinioni, na mzigo huhamia upande wa pili wa jino lilelile. Difu inayovuma ukikanyaga na kunyamaza ukiachia imeshakuonyesha pa kutazama: upande ule wa meno, au beringi za pinioni zilizolegea. Kwa hiyo istilahi kamili ninayoipendekeza ni mvumo wa mkanyago, na ndugu yake mvumo wa kuachia. Jina linalotaja sauti peke yake humwachia fundi kazi ya kubahatisha.

Kabla ya kuilaumu difu, simamisha gari, weka nyutro, kanyaga. Kama sauti bado ipo, difu haina hatia. Angalia belti, alteneta na turbo. Zungusha usukani hadi mwisho: sauti ikipanda, pima mafuta ya pampu ya stiaringi. Ukikanyaga klachi na sauti ikapotea, shuku beringi ya shafti inayoingiza nguvu kwenye giaboksi. Beringi ya gurudumu haijali sana mguu wako. Hubadilisha sauti unapokata kona, mzigo ukihamia upande mmoja. Tairi zenye meno makubwa nazo huvuma kwenye lami ya Lodwar na kunyamaza zikiingia mchangani, na kuna watu waliofungua difu nzima kwa sababu ya tairi.

Turkana ina njia yake ya kuua difu. Ekseli hupata moto kwa safari ndefu juani, kisha gari linaingia laga (mto wa msimu) iliyojaa maji, iwe Kawalase pale Lodwar au Tarach kule Kakuma. Hewa ndani ya ekseli hupoa ghafla na kusinyaa. Kuna kitundu cha kupumulia juu ya ekseli, lakini vumbi limekiziba, basi hewa mpya hutafuta njia kupitia sili na kuingia na maji. Siku chache baadaye mafuta yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, na beringi zinaanza kuliwa. Mvumo ndio dalili ya kwanza, na kwa bahati mbaya huja ikiwa imechelewa.

Fungua nati ya kujazia mafuta ya difu, ingiza kidole. Mafuta yafike kwenye ukingo wa tundu. Yakiwa na rangi hiyo ya chai ya maziwa, mwaga yote, weka mapya ya difu, yale ya daraja la GL-5, wala si ya injini. Mvumo ukibaki, krauni na pinioni hubadilishwa pamoja, kwa sababu zilisagwa pamoja kiwandani na jozi ya kuokoteza haitanyamaza. Nafasi kati ya meno hupimwa kwa geji, kwa kawaida kati ya milimita 0.1 na 0.2. Kama geji haipo, ni heri kuiteremsha difu nzima na kuituma Kitale kuliko kuikaza kwa kukisia.

Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianza 1992, fundi aliyetoka Kongo anaweza kuiita difu ponti, kutoka Kifaransa. Sioni sababu ya kumsahihisha. Majina ya vipuri yatatofautiana. Ninachokipigania ni vitenzi, kwa sababu kuvuma kunaeleweka Bukavu kama Lodwar, na kijana anayejifunza umekanika hufanya mtihani wake kwa Kiingereza na kumhudumia dereva kwa Kiswahili.

Kuhusu kile kitundu cha kupumulia: kichomekee mpira mwembamba, uupandishe hadi juu ndani ya boneti, ufunge kwa klipu. Safisha ncha yake kila unapobadilisha mafuta, na ukifika laga, subiri ekseli ipoe kidogo kabla ya kuingia majini.